Kufuli Lenye Jina

Katika kazi ya kutunza nasaba kwa kompyuta, ujumbe unaowasumbua watumiaji wengi, na ambao hueleweka vibaya kuliko mwingine wowote, ni ule unaotangaza kwamba kanzidata imefungwa. Kanzidata ni hazina ya taarifa zilizopangwa kwa utaratibu unaoiwezesha mashine kuzitafuta, kuzilinganisha na kuzibadilisha kwa haraka. Na kanzidata ya nasaba ni ile ambayo taarifa zake ni watu, ndoa zao, watoto wao, mahali walipozaliwa na walipozikwa, pamoja na vyanzo vinavyothibitisha hayo yote. Mtu anayekutana na ujumbe huo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kuna kitu kimeharibika, na kwa kuwa humo ndani mna majina ya babu zake aliyoyakusanya kwa miaka, huingiwa na hofu isiyompata aliyefungiwa hesabu za duka. Ukichunguzwa kwa utulivu, hata hivyo, ujumbe huo mara nyingi hauna habari yoyote ya uharibifu. Unachoarifu ni kwamba kuna mtu, au kivuli cha mtu, ambaye bado anahesabiwa kuwa yumo kazini.

Milima ya Usambara ya Magharibi, ambayo mji wake mkuu ni Lushoto, ni mahali panapofaa kulitafakaria jambo hili, kwa kuwa ni nchi ambayo nasaba ilikuwa shughuli ya utawala kabla ya kuwa shughuli ya kujiburudisha. Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, lakini mji uliobeba uzito wa historia ya Washambaa ni Vugha, ambao siku hizi huandikwa Vuga, uliokuwa makao ya wafalme wa Kikilindi waliochukua cheo cha Simba Mwene na kujihesabu kuwa wazao wa Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Unguu. Kwa Mkilindi, kujua yeye ni mtoto wa nani na wa mama yupi kulikuwa ni kujua anaweza kutumainia kutawala wapi, kwani wafalme waliwapeleka wana wao kushika sehemu mbalimbali za milima, na kosa katika nasaba liliweza kugeuka kuwa ugomvi wa ardhi. Tangu Tanganyika ilipofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, nasaba haimpi mtu kiti tena. Lakini bado huulizwa kwenye posa, ili ndugu wasioane bila kujuana, huulizwa kwenye mirathi, na huulizwa na vijana waliozaliwa Tanga au Dar es Salaam ambao wameisikia Usambara kwa masimulizi tu.

Miongoni mwa programu zinazotumika kwa kazi hii ulimwenguni, Gramps ni mfano mwafaka wa kuchunguza, kwa sababu ni programu huria, yaani msimbo wake, ambao ndio maandishi yanayoiamuru mashine ifanye nini, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Isitoshe haiuzwi, na hufanya kazi hata pale ambapo intaneti haifiki. Ilianzishwa mwaka 2001 na Don Allingham, nayo imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Ndani yake kila mtu hupewa namba inayoanza kwa herufi I, kama I0001, na kila familia hupewa namba inayoanza kwa herufi F, ili watu wawili wenye jina moja wasichanganywe. Manufaa ya namba hizo huonekana mapema kwa anayeingiza koo za Usambara. Orodha ya majina ya koo ikipangwa kwa alfabeti, sehemu kubwa hurundikana mahali pamoja chini ya S, kwa kuwa majina mengi huanza na She-: Shekilindi, Shemdoe, Shelukindo, Shekiondo. Aidha, majina hurudi kizazi baada ya kizazi, kiasi kwamba katika historia ya Vugha peke yake wamo Kimweri ye Nyumbai, Kimweri Maguvu na Kimweri Mputa Magogo, ambao mtunzaji asiye mwangalifu anaweza kuwafanya mtu mmoja, au kumkata mmoja wao vipande viwili.

Programu hii huuweka kila mti wa ukoo katika folda yake. Mtumiaji anapoufungua mti, programu huandika ndani ya folda hiyo faili dogo linaloitwa lock, ambalo halina ndani yake zaidi ya utambulisho wa aliyeufungua: jina lake kama linavyojulikana na mashine, na jina la mashine yenyewe. Mtu mwingine akiiangalia orodha ya miti, ataona alama ya kufuli kando ya mti huo na ataelezwa umefungwa na nani. Aliyeufungua akimaliza kazi na kutoka kwa utaratibu, faili hilo hufutwa, na mti huwa huru kwa anayefuata. Hilo ndilo kufuli lote. Halina chuma wala nywila, na mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuifikia folda anaweza kuliondoa kwa mbofyo mmoja. Nguvu yake haitokani na ugumu wa kulivunja, inatokana na jina lililoandikwa ndani yake.

Sababu ya kuwapo kwake inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Ichukuliwe kwamba mti wa ukoo umehifadhiwa mahali ambapo shangazi aliyeko Tanga na mpwa wake aliyeko Lushoto wanaweza kuufikia wote wawili, na kwamba rekodi ya babu yao inaonyesha ana watoto wanne. Saa moja na ileile, shangazi anaifungua rekodi ili amwongeze mtoto wa tano, aliyezaliwa na mke wa kwanza na kufariki akiwa mdogo, ambaye hakuna mwingine anayemkumbuka. Mpwa naye anaifungua ili aandike tarehe ya kifo cha babu. Kila mmoja ana nakala yenye watoto wanne mbele yake. Shangazi anahifadhi kwanza, na mtoto wa tano anaingia. Mpwa anahifadhi dakika mbili baadaye, na nakala yake, ambayo haikuwahi kumwona mtoto huyo, inaifunika ya shangazi. Mtoto amefutika kwa mara ya pili. Hakuna kengele iliyolia wala onyo lililotokea, na kwa kuwa mashine haikuona kosa, hakuna atakayelitafuta. Waswahili husema manahodha wawili chombo huenda mrama, lakini katika kanzidata hatari ni kubwa kuliko mrama, kwa sababu chombo kinachoyumba abiria hukihisi.

Kwa upande mwingine, kufuli linapingana na methali nyingine inayotajwa mara nyingi vikaoni, ile isemayo asiyekuwapo na lake halipo. Kikao cha ukoo kinaweza kuendelea bila mjomba aliyechelewa, kikaamua shamba litagawiwaje, naye akifika akaambiwa kwamba mambo yamekwisha. Programu inayofunga mti kwa jina la mtu imeamua kinyume cha hapo: mtu huyo haonekani, huenda yuko mbali, lakini jambo lake lipo na linalindwa mpaka arudi. Kwa maana hiyo, ujumbe unaosema kanzidata imefungwa ni wa kiungwana kuliko unavyoonekana, kwa kuwa unamjulisha anayetaka kuingia kwamba kuna mwenzake ambaye hajamaliza kusema.

Utaratibu huu wa kuwasubirisha wengine mpaka jambo likamilike haukuwa mgeni katika milima ya Usambara. Mfalme wa Vugha alipofariki, kifo chake kilifichwa, wala hakikutangazwa mpaka mrithi, ambaye kwa desturi alikuwa akitawala Bumbuli, aletwe usiku na kuwekwa mahali pa marehemu. Katika saa hizo nchi ilikuwa kati ya hali mbili, moja imekwisha na nyingine haijaanza, na watu waliendelea kuishi chini ya mfalme waliyemdhani yu hai. Wataalamu wa kanzidata huuita mpito wa namna hiyo muamala, yaani fungu la mabadiliko ambayo ama hufanyika yote ama halifanyiki hata moja. Kuingiza ndoa katika mti ni muamala: inaundwa rekodi ya familia, mume anaunganishwa nayo, mke anaunganishwa nayo, na endapo kazi itakatika baada ya mume kuunganishwa na kabla ya mke, hatua ile ya kwanza nayo inapaswa kutanguliwa, ili pasibaki mume aliyeoa hewa. Muda wote huo anayesoma huonyeshwa hali ya zamani, iliyo kamili, mpaka mpya ikamilike nayo. Ukimya wa Vugha ulifanya kazi hiyohiyo: uliwazuia watu kuisoma nchi ikiwa nusu.

Historia ya Wakilindi inaonyesha pia gharama ya kufuli lisiloheshimiwa. Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862 baada ya utawala mrefu, na mjukuu wake Shekulwavu akashika Vugha. Semboja, mwana wa Kimweri aliyekuwa akitawala Mazinde, mahali palipo chini ya milima katika njia ya misafara, alikuwa karibu na biashara ya bunduki kuliko mpwa wake aliyekaa juu. Hatimaye alimwondoa Shekulwavu Vugha na kumweka mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, huku yeye akibaki Mazinde. Upande wa Shekulwavu nao haukukubali kushindwa, mapambano yakahamia Usambara ya Mashariki, na Wabondei wakawaasi watawala wao wa Kikilindi. Tangu hapo mpaka Wajerumani walipoingia, ufalme ulikuwa na waandishi wawili wanaoiandika rekodi moja, na swali la nani alikuwa Simba Mwene halali katika miaka hiyo lilijibiwa kwa kutegemea aliyeulizwa anasimama upande gani. Mfano huu una mpaka wake, nao haufai kufichwa. Mashine haijui uhalali. Inajua nani alitangulia kufika, basi. Ingekuwapo Vugha, ingemlinda Semboja sawasawa na Shekulwavu, mradi awe wa kwanza kuufungua mti. Ndiyo maana kufuli la kompyuta linaweza kuzuia fujo lakini haliwezi kuamua haki, na ukoo unaoitegemea programu iwaamulie wanaogombana utakuwa umeipa kazi isiyo yake.

Tatizo la kweli huanza pale kufuli linapobaki ilhali mwenyewe ameshaondoka. Umeme hukatika ghafla wakati mti uko wazi, au betri ya kompyuta huisha, au programu hujifunga yenyewe kwa hitilafu. Na kwa kuwa faili lile dogo hufutwa na programu inapofungwa kwa utaratibu, programu iliyozimika bila kuaga haipati nafasi ya kulifuta. Mtumiaji akiwasha mashine tena hukutana na mlango uliofungwa kwa jina lake mwenyewe. Gramps humwonya wakati huo kwa maneno ya busara: kwamba inadhani kuna mtu mwingine anayeuhariri mti huo, kwamba kama hakuna mtu basi kufuli linaweza kuvunjwa kwa usalama, na kwamba kama yuko mtu, kulivunja kunaweza kuiharibu kanzidata. Onyo hilo halikatazi wala haliruhusu. Linamrudishia mtumiaji swali ambalo mashine haiwezi kulijibu, nalo ni hili: yule aliyefunga, yupo?

Utatuzi wote wa hitilafu hii ni namna ya kulijibu swali hilo kwa subira, na mpangilio wa hatua una maana kubwa kuliko hatua zenyewe. Kwanza husomwa jina lililo katika kufuli, kwa kuwa jina la kompyuta iliyoko chumbani na jina la kompyuta iliyoko Tanga ni habari mbili tofauti kabisa. Pili, kama mashine ni hiihii, huangaliwa orodha ya programu zinazoendelea kufanya kazi, kwani mara nyingine dirisha la programu limefichika nyuma ya mengine, au programu imeganda bila kuonekana lakini bado inaushikilia mti. Kama mashine ni ya mtu mwingine, mtu huyo hupigiwa simu. Na ni ajabu jinsi hatua hii, iliyo rahisi kuliko zote, inavyorukwa na watu wanaokesha wakitafuta dawa kwenye mitandao. Tatu, kabla ya kugusa chochote, folda nzima hunakiliwa na kuwekwa pembeni. Hapo ndipo kufuli huvunjwa. Mtu anayelivunja kwanza na kutafuta nakala baadaye amegeuza utaratibu, na mara atakapoihitaji nakala hiyo itakuwa ni nakala ya uharibifu.

Baada ya mlango kufunguka, kazi haijaisha, kwa sababu haijulikani mwandishi aliyekatizwa alikuwa amefika wapi. Gramps ina kifaa cha kukagua na kukarabati kanzidata, na namna kifanyavyo kazi inafundisha. Uhusiano wa mzazi na mtoto haukuandikwa mahali pamoja katika kanzidata hiyo. Umeandikwa pande mbili, ambapo rekodi ya familia inamtaja mtoto, na rekodi ya mtoto inaitaja familia. Kifaa hupita kila rekodi kikilinganisha pande hizo, na kinapokuta mtoto anayeitaja familia isiyomtaja yeye, kinajua kwamba kuna kazi iliyokatika njiani. Kwa wazee hili si jambo la kushangaza. Katika nchi ambayo mtu hukubaliwa kuwa wa ukoo pale yeye anapoutaja na wao wanapomtaja, dai la upande mmoja limekuwa likihojiwa siku zote.

Makufuli mengine ni ya muda mfupi na hayaachi faili la kuonekana. Matoleo ya karibuni ya Gramps, sawa na programu nyingine ya nasaba iitwayo RootsMagic, huhifadhi taarifa kwa SQLite, kanzidata iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ambayo kanuni yake ni kwamba wasomaji wanaweza kuwa wengi kwa wakati mmoja lakini mwandishi ni mmoja tu. Anayetaka kuandika akimkuta mwingine anaandika, husubiri; akisubiri kupita muda uliowekwa, hupewa ujumbe kwamba kanzidata imefungwa. Tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010, SQLite inaweza kuyaandika mabadiliko mapya kwanza katika faili la pembeni kabla ya kuyahamishia katika faili kuu, ili wasomaji wasizuiwe na mwandishi. Utaratibu huo una faida, lakini una mtego kwa anayenakili faili kuu peke yake na kuliacha la pembeni, kwani anaweza kuyaacha nyuma mabadiliko ya karibuni kabisa. Mtego mkubwa zaidi ni folda zinazosawazishwa kupitia mtandao, ambapo huduma ya kuhifadhi faili hunakili kutoka mashine moja hadi nyingine bila kujua makufuli yanasema nini. Ndugu wawili wanaoamini kwamba wanatumia mti mmoja huwa wana miti miwili inayofunikana kwa zamu. Wanaohitaji kuandika kwa pamoja wako salama zaidi wakitumia programu iliyoundwa kwa ajili hiyo, kama Gramps Web, ambamo seva moja, yaani kompyuta inayowahudumia wengine, ndiyo inayoishika kanzidata na kupokea maombi ya wote.

Ipo pia hitilafu ambayo chanzo chake si kufuli moja lililobaki, bali ni makufuli kuwa mengi mno. Kanzidata ya Berkeley DB, ambayo Gramps iliitumia katika matoleo yake ya zamani, huweka kufuli kwa kila ukurasa wa taarifa unaoguswa ndani ya muamala, na idadi ya makufuli hayo hupangwa mapema. Isipoongezwa, huwa 1,000. Mtu akiingiza kwa mkupuo mti mkubwa ulioandikwa kwa muundo wa GEDCOM, ambao uliundwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho mwaka 1984 kwa ajili ya kubadilishana nasaba, makufuli yaliweza kwisha kabla kazi haijaisha, na muamala wote ukaanguka. Dawa yake ni mbili: kuongeza idadi inayoruhusiwa, au kuigawa kazi katika mafungu. Rekodi ya mtu kama Kimweri ye Nyumbai, aliyekuwa na wake wengi na wana waliotapakaa kote milimani, inaonyesha kwa nini hilo hutokea. Kumgusa yeye ni kuzigusa familia zake zote, kuzigusa familia ni kuwagusa watoto, na kabla mtumiaji hajatambua amelishika taifa zima ili asahihishe herufi moja.

Hali hiyo hujitokeza hata kwa watu wasio wafalme, hasa wakati wa kuunganisha rekodi mbili ambazo zimegundulika kuwa ni za mtu mmoja. Misheni ya Kilutheri ilianza kazi Mlalo mwaka 1891, na tangu hapo wako watu wa milima hiyo ambao wamo katika kitabu cha ubatizo kwa jina la Kikristo, wamo katika kumbukumbu za serikali kwa jina hilo likifuatwa na la baba, na midomoni mwa bibi zao wana jina la Kishambaa ambalo halikuandikwa popote. Waislamu nao wana jina la madrasa na jina la nyumbani. Kuzifanya rekodi hizo tatu kuwa moja ni uamuzi wenye uzito, na ni haki kabisa kwamba mashine hufunga milango mingi kabla ya kuutekeleza. Kwa ufupi tu itajwe na hitilafu ya mkwamo, ambapo waandishi wawili kila mmoja ameshika rekodi anayoihitaji mwenzake na kila mmoja anasubiri mwenzake aiachie kwanza. Anayezijua posa ambazo ukoo wa mvulana unangoja kuitwa na ukoo wa msichana unangoja kujiwa hahitaji maelezo zaidi, na anajua pia kwamba jambo hilo huisha pale mmoja anapokubali kurudi nyuma, na kompyuta nazo hufanya hivyohivyo kwa kuukatisha muamala mmoja ili mwingine upite.

Kufuli la kudumu kuliko yote, hata hivyo, ni la kitabu. Kati ya mwaka 1895 na 1907 misheni ya Kianglikana ya UMCA ilichapa kwa sehemu Habari za Wakilindi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu aliyekaa na Wakilindi kwa miaka mingi. Na mwaka 1962 kitabu hicho kikatolewa upya na East African Literature Bureau chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Mwandishi alifariki mwaka 1912, na tangu siku hiyo kitabu chake ni rekodi inayosomwa na wote na isiyoweza kuandikwa na yeyote. Steven Feierman alipofanya utafiti Usambara kati ya 1966 na 1968, ambao ulizaa kitabu chake The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, hakukifuta cha Liajjemy wala hakukinyenyekea. Alikusanya masimulizi ya koo nyingine, zikiwemo zisizo za kifalme, akayaweka pembeni yake na kuyapima pamoja. Programu nzuri ya nasaba inaruhusu jambo hilohilo, kwa kuwa tukio moja linaweza kubebeshwa vyanzo kadhaa, kila kimoja na kiwango chake cha kuaminika, bila kimoja kukifuta kingine. Kufuli la marehemu halivunjwi. Hufunguliwa rekodi nyingine kando yake, na jina la kila mmoja hubaki juu ya neno lake.

Ndani ya Gramps imo pia alama nyingine ya kufuli, ambayo haifai kuchanganywa na ile ya kwanza. Kila rekodi ina kitufe chenye picha ya kufuli kinachoiwekea alama ya faragha, ili mti utakapotolewa kwa wengine rekodi hiyo iachwe nyuma. Kufuli la kwanza ni la zamu, nalo linasema subiri. Hili la pili ni la siri, nalo linasema haya si ya kila mtu. Masimulizi ya Wakilindi yanaanza hasa na siri ya namna hiyo, kwani Mbegha aliota meno ya juu kwanza, akawa kigego, yaani mtoto anayehesabiwa kuwa na mkosi, na jambo hilo ndilo lililotumiwa baadaye na ndugu zake kumnyima haki na kumtoa kwao. Kama rekodi yake ingefutwa kwa aibu, nasaba ya Vugha isingekuwa na mwanzo. Kinachouma katika ukoo kinaweza kufungwa kwa heshima ya walio hai, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inawakumbusha watunzaji kwamba taarifa za mtu si mali ya kila anayezijua. Lakini kufunga na kufuta ni matendo mawili tofauti, na la pili halina dawa.

Ukiyatazama yote hayo kwa pamoja, kufuli linaloogopesha linabadilika sura. Lenye jina ni ahadi kwamba kuna mtu wa kuulizwa. Lisilo na jina ni mtego, na koo nyingi zimeshanaswa nalo, pale mzee mmoja alipoishika nasaba yote kichwani, akakataa kuisema mpaka aulizwe kwa heshima inayomstahili, kisha akaenda nayo kaburini bila kumwonyesha yeyote ilipo. Hakuna programu inayoweza kuvunja kufuli la aina hiyo. Kwa hiyo mtunzaji wa nasaba, awe Lushoto, Mlalo au ughaibuni, anapoambiwa kwamba kanzidata imefungwa, na asikasirike wala asikimbilie kuvunja: asome jina lililoandikwa, amtafute mwenyewe, atoe nakala, ndipo afungue. Na siku hiyohiyo, kabla umeme haujakatika tena, achukue kalamu na daftari aende kwa mzee aliyebaki, kwa sababu hilo ndilo kufuli ambalo mwenyewe bado yupo.